Nyigu wa Sanduku la Tatu

Kathonzweni
5 Novemba 1980

Baba,

Nilifika jana jioni. Mvua imeanza vizuri na mahindi ya shangazi Kanyiva yamefika gotini, lakini bungua wamekwisha kuingia. Ukipasua bua moja unawakuta watatu, wanne, wamelala ndani wanakula. Shangazi anasema mwaka jana alivuna magunzi.

Nakuandikia upesi kwa sababu siku ya safari tuliongea haraka. Yale masanduku matatu ya wavu niliyokuachia mezani ni kazi yangu ya miaka miwili. Kila sanduku lina nyigu mia mbili. Ni wembamba kama uzi na hawaumi mtu. Jike anamchoma bungua na kutaga mayai ndani yake. Watoto wakitoka wanamla bungua kutoka tumboni mpaka afe. Tarehe 22 Daktari Muturi, mkubwa wetu, anakuja hapa na watu wa wizara, tuwaachilie shambani wakiona. Wakifanya kazi, tutaruhusiwa kuwafuga kwa wingi kwa ajili ya wilaya nzima.

Kila asubuhi changanya kijiko kimoja cha sukari na vijiko vinne vya maji, chovya pamba, weka juu ya wavu. Kila sanduku na pamba yake. Wakipata sukari wanaishi mwezi mzima. Wakikosa, siku tatu au nne basi. Miguu ya meza iache ndani ya mikebe ya maji na mafuta ya taa, sisimizi wasipande.

Tena, tafadhali, mtu yeyote wa kituo chetu cha utafiti asijue kwamba nyigu wako kwako Maringo. Paa la chumba chao linatengenezwa. Daktari alibaki na nyigu wachache wa mbegu, wa kuzalishia, ofisini kwake, na hawa mia sita nikaambiwa niwaweke stoo kwa karani Javan. Humo ndimo zinamowekwa dawa za kupulizia. Wangekufa siku ya kwanza. Niliwachukua bila kuomba ruhusa.

Barua mpe Maingi, dereva wa basi la huku. Anafika kesho yake.

Binti yako,
Nthoki


Maringo, Nairobi
Tarehe 8 mwezi wa 11, 1980

Mama Nthoki, wewe mwenye jina la mama yangu,

Barua yako nimepata. Mimi mzima, ni goti tu.

Hiyo maneno ya kijiko moja vijiko vinne unaandikia nani? Mimi nimekaa na boila ya reli miaka ishirini na saba. Boila inakula makaa na kunywa maji kwa kipimo, ukikosea inaua watu. Hakuna boila ya Muasya imewahi kupasuka. Hata Mzungu wa karakana, na diploma yake, alikuwa anakuja kuniuliza mimi, Muasya, leo inapumua namna gani. Sasa nitashindwa na wadudu ambao sioni bila miwani?

Wako sawa. Wanarukaruka.

Lakini hiyo nusu kilo ya sukari umeacha imeniletea maneno. Dukani sukari hakuna, hii ni wiki ya tatu, watu wanapanga laini kabla jua halijatoka. Huyu jirani yetu Teresiah wa mandazi aliingia kuomba kiberiti akaona mkebe. Akasema, "Mzee, yaani nzi wako wanakunywa sukari na mimi nauza mandazi ya chumvi?" Nikamwambia hawa si nzi, ni askari wa serikali. Akasema, "Basi waambie askari wakuje wanunue mandazi." Huyo mama hana adabu, lakini nilicheka.

Sasa nikuulize kitu, wewe uliyesoma. Tukiwa vijana kule Kibwezi tulikuwa tunawinda na mbwa. Mbwa wa kuwinda hapewi chakula siku mbili kabla ya kutoka. Mbwa ameshiba analala kivulini, swala anapita hapo anamwangalia tu kama mgeni. Mimi ndiye nilikuwa nafunga hao mbwa na hakuna siku tulirudi mikono mitupu. Hawa wako wanaenda kuwinda bungua, na wewe unawajaza sukari asubuhi mpaka asubuhi. Nawaona wamekaa kwa pamba kama wazee kwa pombe. Huyo ni mwindaji huyo?

Fikiria hilo.

Ni mimi baba yako,
Muasya wa Boila, Fundi wa Daraja la Kwanza, mstaafu


Kathonzweni
10 Novemba 1980

Baba,

Sukari bado unawapa? Nijibu hilo kabla ya jingine lolote.

Nyigu si mbwa. Mbwa anawinda ili ale. Huyu nyigu hali bungua hata kidogo, anamtafuta apate mahali pa kuweka watoto. Wanaokula ni watoto. Yeye mwenyewe chakula chake ni kitu kitamu, na porini anakipata kwenye maua. Sandukuni hakuna ua. Njaa haimfanyi mkali, Baba. Inamfanya ashindwe kuruka. Jike mwenye njaa hafiki hata kwenye bua, na akifika hana nguvu ya kuchoma. Tumepima hilo kituoni mara nne.

Naomba usipunguze hata siku moja. Kila asubuhi hesabu waliokufa chini ya kila sanduku, sanduku kwa sanduku, uniandikie. Si kwamba sikuamini, ndivyo kazi ilivyo.

Na sukari hiyo usimgawie Teresiah, wala wewe usiiguse kwa chai. Najua hali ilivyo hapo.

Nthoki


Maringo
Tarehe 13 mwezi wa 11

Nthoki,

Sasa nimekuwa mwizi wa sukari.

Tangu uondoke nakunywa chai kavu, haina maziwa haina sukari, na mkebe uko juu ya kabati unaniangalia. Sijalamba hata kidole. Teresiah ameleta mandazi mawili ya kunibembeleza, nimekula mandazi na sukari sijatoa. Muulize.

Unauliza nawapa? Nawapa. Unauliza wangapi wamekufa? Watano, kwa yote matatu. Wazee wao. Hata reli watu walikuwa wanakufa na kazi inaendelea.

Ulipokuwa darasa la tatu ulikuja hapa ukaniambia dunia ni mviringo kama chungwa. Nilikupiga? Nilikaa kwa kiti nikakusikiza mpaka mwisho, na chakula kinapoa. Basi na wewe siku moja ukae usikize mtu mzima.

Ngoja hiyo tarehe 22. Huyo Daktari wako atauliza ni nani amefundisha hawa wadudu. Utamwambia.

Ni mimi,
Muasya wa Boila


Kathonzweni
18 Novemba 1980

Baba,

Siku tano sijapata neno. Maingi anasema alikungoja stendi mara mbili hukutokea. Goti limezidi?

Daktari ameleta ujumbe kwamba anataka maandishi: nyigu wamelishwa nini, mara ngapi, wamekufa wangapi. Nimemwandikia hivi: wamelishwa maji ya sukari kila siku, wamekufa watano. Sikuwepo mimi. Nimeyaandika kwa neno lako, na chini nimetia sahihi yangu.

Ijumaa asubuhi mpe Maingi masanduku. Yafunge yote matatu pamoja ndani ya gunia moja, uliloweshe maji. Amekubali kuyaweka mbele karibu na kiti chake. Yasipande juu ya basi.

Kama kuna jambo lolote, niandikie sasa. Hata kama ni baya. Kabla ya Jumamosi naweza kulitengeneza.

Nthoki


Maringo
Tarehe 21

Nthoki,

Masanduku nimempa Maingi mkononi. Gunia lina maji. Pamba nimeweka mpya kwa yote matatu.

Mimi mzima.

Baba yako


Kathonzweni
22 Novemba 1980, jioni

Baba,

Leo walikuja magari matatu. Shangazi Kanyiva alikuwa amefagia mpaka njia ya kuingilia shambani, na amewachemshia watu wa wizara chai kwa sukari aliyoazima nyumba nne.

Nilifungua sanduku la kwanza mbele yao. Nyigu hawakuruka. Nilidhani ni baridi ya gunia, nikaligonga kidogo. Walianguka kama majani ya chai. Walio hai walikuwa tisa. Sanduku la pili, wanne. La tatu nilitaka nisilifungue kabisa, lakini Daktari alisema, "Fungua, Nthoki." Hilo lilikuwa na mia moja sitini na tatu, wazima, na walipaa mara moja wakaingia kwenye mahindi.

Watu wa wizara walipanda magari kabla chai haijaisha.

Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliketi juu ya jiwe akasoma karatasi yangu mara mbili. Akasema kama yote matatu yamelishwa sawasawa kila siku, na mawili yamekufa namna hii, basi ni ugonjwa, na umetoka kwenye mbegu. Akirudi Nairobi ataangamiza mbegu yote iliyoko ofisini kwake kabla ugonjwa haujaingia kwa wadudu wengine. Wamepangiwa Ijumaa tarehe 28, watazamishwa kwenye mafuta ya taa. Kazi itakuwa imeishia hapo. Hakuna mbegu nyingine nchi hii.

Baba, walikuwa wagonjwa? Uliona kitu? Nijibu kwa Maingi wa Jumatatu.

Nthoki


Maringo
Tarehe 24 mwezi wa 11

Mama Nthoki,

Pole. Nimesoma nikasikia vibaya.

Lakini mimi nakuambia ni basi. Huyo Maingi anaendesha kama mtu ameibiwa. Hiyo barabara baada ya Machakos ni mawe matupu na injini iko pale mbele, joto lake nalijua, mimi ni mtu wa joto. Nyigu wamepikwa. Mia sita walitoka kwangu wakiwa wazima na wakali. Mbona mimi sikuona mgonjwa? Mgonjwa ningemjua. Boila ikitaka kuugua mimi nilikuwa najua kwa sauti, siku mbili mbele.

Mwambie Daktari ni basi. Aandike hivyo aache hiyo mafuta ya taa.

Muasya wa Boila


Kathonzweni
25 Novemba 1980

Baba,

Maingi amesimama hapa mlangoni ninapoandika. Anasema masanduku yalikuwa kushoto kwake, dirishani, ndani ya gunia moja lililolowa, na alisimama Machakos akalimwagia maji tena. Nimemsomea barua yako. Amesema tu, "Mzee amenikosea."

Joto lisingechagua. Yalifungwa pamoja, Baba, moja juu ya jingine. Gunia moja, kiti kimoja, saa zilezile. Sanduku la tatu lilifika na nyigu karibu wote. Nilikuwa na masanduku matatu yaliyofanana, nimekuachia, na yamerudi hayafanani. Kwa nini la tatu?

Sikuulizi kama mwalimu. Ijumaa asubuhi mbegu inakufa. Barua ikipanda Alhamisi, Ijumaa inanifikia mimi huku, na Daktari yuko huko. Nimekwisha kuandika kwa mkono wangu kwamba walilishwa kila siku. Kama si kweli, basi ni uongo wangu ndio unaowaua waliobaki, na shangazi na watu wa huku wataendelea kuvuna magunzi kwa sababu ya karatasi yenye jina langu.

Sitauliza tena baada ya hii.

Nthoki


Maringo
Tarehe 27 mwezi wa 11, asubuhi

Nthoki mama yangu,

Nakaa kuandika hii na kofia iko kichwani, nikimaliza natoka.

Sanduku la tatu ndilo nililisha. Mawili sikuyalisha vile ulisema.

Nilisema nitakuonyesha. Nilichukua la kwanza na la pili nikasema hawa ni mbwa wa kuwinda, nitawafunga vile tulikuwa tunafunga Kibwezi. La tatu nikasema hawa ni wavivu wa Nthoki, wakae na pamba yao kila siku, na siku ya tarehe 22 wote wataona wavivu wamelala na wangu wanafanya kazi. Nilitaka uone. Hiyo tu ndiyo nilitaka.

Siku ya nne asubuhi niliona chini ni weusi. Nikashtuka nikawapa sukari, wakaamka, wale waliobaki. Mtu mwenye akili angeachia hapo. Mimi nikasema, sasa wamebaki wale wakali. Nikawafunga tena. Barua yako ya tarehe 10 ilikuja katikati, ikasema njaa haimfanyi mkali. Niliisoma nikaikunja. Nimefanya namna hiyo mara tatu, siku nne njaa, siku moja sukari. Kila mara wakapungua. Wakati ule nilikuandikia watano, walikuwa wamekufa mia na themanini.

Nikuambie vile walikuwa wanakufa, kwa sababu nimeona mimi peke yangu. Wanapanda juu ya wavu mahali pamba ilikuwa jana. Pamba imekauka, lakini wanarudi hapo, wanaweka mdomo hapo hapo. Wanakaa. Sanduku la tatu liko kando wanakula. Hawapigani, hawatafuti njia ya kutoka. Wanangoja kwa adabu. Nilikuwa nakaa na chai yangu kavu nawaangalia na bado nasema kesho wataamka wakali.

Siku hizo tano sikuandika ni kwa sababu nilikuwa nimejua. Maingi sijui nitamwambia nini. Mwambie ni mimi.

Waliokufa sikutupa. Reli kifaa kikiharibika hutupi, unarudisha stoo ndipo unapewa kipya. Nimewaweka kwa viberiti, kila kiberiti nimeandika siku na sanduku. Viko vinane. Mkebe wa sukari pia nabeba. Teresiah ametazama akasema imebaki zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo wangekula.

Naenda kwa Daktari leo, singoji Ijumaa. Nikifika nitasema ni mimi. Lakini mtu mzee akisema tu, wataona anamtetea mtoto wake. Kwa hivyo nabeba barua zako. Ile ya tarehe 10 inasema wazi ulinikataza. Ile ya 18 inasema uliandika kwa neno langu.

Taabu ni ile ya tarehe 5. Ile unasema uliwachukua bila ruhusa na niwafiche. Nimeitoa kwa bahasha nikairudisha mara tatu. Nikiiacha nyumbani, Daktari atauliza walifikaje Maringo, na mimi nitatunga. Nimekwisha kutunga vya kutosha. Nikiibeba, inakuumiza wewe. Nimeibeba.

Ukitaka kunichukia kwa hiyo, chukia kwa hiyo na ile nyingine pia.

Baba yako,
Muasya


Kathonzweni
2 Desemba 1980

Baba,

Barua yako ilinifikia Ijumaa saa nane. Nilikaa siku tatu nikijua kwamba ama umefika ama hukufika, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Jana alikuja Daktari mwenyewe. Anasema askari wa getini alikurudisha mara mbili Alhamisi, na wewe ukaketi ukingoni mwa barabara mpaka gari lake lilipotoka saa kumi na moja, ukasimama mbele ya gari. Anasema alitaka kukupigia honi. Anasema ulipoingia ofisini ulivua kofia, ukapanga viberiti vinane mezani kwa tarehe, halafu barua zangu kando yake, na alipokuuliza nani alikuruhusu kukata sukari ulisema, "Aliyeniruhusu ni mimi. Huyu msichana amenikataza kwa maandishi, na nilikuwa najua kusoma."

Aliwafungua waliokufa chini ya hadubini, Alhamisi hiyohiyo. Hakuna ugonjwa. Matumbo ni matupu. Mbegu haikuguswa. Watazalishwa upya, na mvua ya mwezi wa tatu wataachiliwa tena hapa.

Barua ya tarehe 5 ameisoma. Nimepewa onyo la maandishi kwa kuwatoa nyigu kituoni, na kwa kutia sahihi kitu ambacho sikukiona. Miezi sita nitaosha chupa. Nyigu sitawagusa. Wa mwezi wa tatu wataletwa na Javan.

Leo asubuhi mimi na shangazi tumepasua mabua arobaini. Kumi na moja yana bungua aliyechomwa, watoto wa nyigu wamo ndani wanamla. Ni wa wale mia moja sitini na tatu. Shangazi alishika bua moja muda mrefu, akaniuliza kama wangekuja mia sita ingekuwaje. 

Baba, bado nina hasira. Nimejaribu kuandika barua hii bila neno hilo na nimeshindwa. Ulifanya vizuri kwenda. Lakini nilikuomba mapema, tarehe 10, tarehe 18, nikakuambia hata kama ni baya.

Nashuka Jumamosi na basi la Maingi. Usije stendi. Mizigo yangu nitabeba mwenyewe.

Nthoki


Maringo
Tarehe 4 mwezi wa 12

Mama Nthoki,

Barua nimepata. Nimeisoma, halafu Teresiah akanisomea tena, kwa sababu nilitaka kusikia ile ya mabua kumi na moja kwa sauti ya mtu mwingine. Aliisoma mpaka mwisho. Sikumzuia. Alipofika pale ya kuosha chupa aliniangalia juu ya karatasi, halafu akaendelea.

Maingi nilimkuta stendi jana, nimemwambia mbele ya makanga wa basi lake na watu wake wote kwamba nilimsingizia. Akasema, "Yameisha, mzee." Hayajaisha lakini amesema vizuri.

Umesema nisije stendi. Nimesikia. Jumamosi saa tisa nitakuwa stendi.

Wewe shuka, upite kama hunijui, kama unampita muuza njugu. Mimi nitachukua yale masanduku kwa mkono wa Maingi, nifuate nyuma yako. Njia ni Jogoo Road mpaka nyumbani, na goti hili halinifikishi mbali bila kupumzika, lakini usinigoje. Ukitaka kusimama unigombeze, simama. Ukitaka kunigombeza pale soko la Burma mbele ya wauza nyama wote, na wananijua, gombeza.

Sitajibu.

Baba yako,
Muasya